Ng'ombe Walioteremka Bila Mashada

Maiti ya mwanamke ilikuwa imelala chali kando ya daraja la mbao, na chini ya kichwa alikuwa amewekewa mto.

Haukuwa mto hasa. Ilikuwa aproni ya bluu, ile wanayovaa wakulima wote wa bonde la Sankt Notburg, imekunjwa vizuri na kuingizwa chini ya kisogo. Uso ulikuwa umefutwa damu. Macho yalikuwa yamefumbwa. Kofia ngumu ya baiskeli ilikuwa imefunguliwa kamba na kuwekwa kando, kama mtu anavyomvua mgonjwa kofia ili apumue.

Inspekta Rosina Ladner alichuchumaa pale kwa muda mrefu. Baiskeli ilikuwa imejikunja kwenye nyasi, gurudumu la mbele limepinda. Juu, kengele za ng'ombe zililia malishoni.

"Ajali," alisema Konstebo Egger. "Daraja jipya hili, Burgi mtunza njia bado analitengeneza. Ubao umecheza, mama wa watu akarushwa."

"Na aliyemfuta uso ni nani?"

"Mpita njia, labda."

"Mpita njia mwenye huruma kiasi hiki, mbona hakupiga simu?"

Egger alijikuna shingo.

Marehemu aliitwa Mareike Overbeck. Alikuwa nesi mstaafu kutoka kaskazini kabisa, kwenye nchi tambarare isiyo na hata kichuguu. Dada yake, Wiebke, ndiye aliyemkuta. Alikaa kituoni akiwa na kikombe cha chai alichoandaliwa na Egger, ameking'ang'ania kwa mikono miwili, hakinywi.

"Kwa nini alitangulia peke yake?" aliuliza Rosina.

"Tairi langu lilitoboka. Nikamwambia tangulia, nitakokota. Alikuwa na hamu mno, Inspekta. Safari hii tuliipanga msimu wote wa baridi. Ramani ilikaa mezani jikoni mpaka ikawa kama kitambaa cha meza, tunakula juu yake."

"Njia hiyo mliijuaje?"

"Alipiga simu. Kila kibanda cha malishoni kilichokuwa njiani alikipigia. Nilikuwa namcheka. Nikamwambia, Mareike, hao ni wachunga ng'ombe, si wafalme. Akasema, 'Uwanja wa mtu hauingiwi bila kupiga hodi.'"

"Wakamjibuje?"

"Wengine walikata simu. Mzee mmoja alimjibu vizuri sana. Alimwambia njia itakuwa wazi, na atatuwekea mtindi." Wiebke aliweka kikombe chini. "Alifurahia mtindi ule kuliko mlima wenyewe."

"Mzee gani?"

"Jina hakuniambia. Alimwita tu 'mzee wangu wa mtindi'."

Uchunguzi wa maiti ulimaliza habari ya ubao. Daktari alikuta mstari mwembamba kifuani, toka bega hadi bega. Mbavu zilikuwa zimevunjika, na damu ilikuwa imevujia ndani. Hakufa papo hapo.

"Waya," alisema daktari. "Kulikuwa na waya umekingamizwa njiani."

Waya wenyewe haukuonekana. Kwenye miti miwili kabla ya daraja palikuwa na michubuko mipya ya gome, basi.

Hapo mkono wa sheria ukamwelekea Burgi. Walpurga Santer, Burgi kwa kifupi, alikuwa mtunza njia za baiskeli za mji mzima, mwanamke mwenye mabega mapana na maneno machache. Kwenye banda lake polisi walikuta waya, koleo, na ndoano ya kuvutia waya. Rosina alimhoji tangu asubuhi hadi kengele ya kanisa ya jioni.

"Ukitengeneza daraja, unafungaje njia?"

"Kwa utepe mwekundu na mweupe. Mtu auone."

"Si kwa waya?"

"Waya ni wa kuua mtu. Mimi natengeneza njia wapite."

"Waya uko bandani kwako."

"Na nyundo ipo. Kuna aliyepigwa nyundo?"

"Aproni ya bluu iliyokuwa chini ya kichwa chake, ni yako?"

Burgi alishika aliyovaa. "Yangu hii hapa. Bonde zima linavaa hizi, Rosina. Hata marehemu baba yako tulimzika nayo."

"Hapa niite Inspekta."

Burgi alimtazama tu. Aibu ya kwanza ilimpita Rosina, ndogo, kama unyoya shingoni. Aliipuuza.

Mwendesha mashtaka alisema atamfungulia Burgi kesi baada ya sikukuu ya kuteremsha ng'ombe toka malishoni mwisho wa kiangazi. Mji haukusubiri. Halmashauri ilimnyang'anya funguo za banda. Mkate wake muuza mikate alimrushia juu ya kaunta bila salamu. Asubuhi moja Burgi alikuta mlango wake umeandikwa kwa rangi nyekundu: MUUAJI. Hakuifuta. Alianza kupitia mlango wa nyuma.

Wengine pia walihojiwa, ni kweli. Rosina alikuwa amepanda hadi kwa Mzee Vinzenz Gstrein, ambaye ng'ombe wake walichungwa karibu na daraja. Lakini hakumhoji kama alivyomhoji Burgi. Alikaa naye kizingitini, wakanywa kahawa. Utotoni, mama yake alipokuwa mgonjwa, ni Vinzenz aliyeshuka na kopo la maziwa kila siku na kuliacha mlangoni bila kubisha, ili mgonjwa asiamke.

"Baba Vinzenz, siku ile ulisikia lolote?"

"Nilikuwa upande wa pili, mwanangu. Sikujua hata kama kuna mtu anakuja."

Akaandika hivyo, akashukuru kwa kahawa, akashuka.

Siku ya kuteremsha ng'ombe mji wote ulijipanga barabarani. Kundi la kwanza lilipita, kila ng'ombe kichwani ana shada la maua na matawi ya msonobari, vioo vinametameta, kengele kubwa zinanguruma. Watoto walipiga makofi. La pili likapita, nalo limepambwa.

Kisha wakaja ng'ombe wa Vinzenz.

Vichwa vitupu. Hakuna ua, hakuna utepe. Kengele zilikuwa zimejazwa nyasi zisilie. Makofi yalikufa. Wanaume wakavua kofia, kwa maana ng'ombe huteremshwa hivyo pale tu mauti yalipoingia malishoni wakati wa kiangazi: mnyama amekufa, au mtu wa nyumba hiyo.

"Kulikoni kwa mzee?" Egger alinong'ona. "Watu wake wote wazima. Mke wake yule pale anauza jibini."

"Anasema ndama ametumbukia korongoni," alidakia jirani. "Yule mwekundu. Maskini."

Rosina alimtazama mzee akipita. Alitembea mbele ya ng'ombe wake, macho chini. Alivaa shati jeupe la sikukuu. Aproni hakuwa nayo. Katika maisha yake yote Rosina hakuwahi kumwona Vinzenz bila aproni ya bluu, hata kanisani alimwona nayo.

Hapo akayakumbuka maneno aliyoyazika mwenyewe. Majira ya kuchipua, kwenye baa, waendesha baiskeli walikuwa wamemtawanyia mzee ng'ombe wenye mimba. Vinzenz aligonga bilauri mezani akasema, "Wakirudia, nitawategea waya kama sungura!" Baa nzima iliangua kicheko. Rosina alicheka hadi machozi.

"Egger," alisema, "mnyama akifia juu, mzoga unashukaje?"

"Kwa helikopta. Sheria ya maji, mzoga usichafue chemchemi."

"Ulizia kama kuna helikopta iliyobeba ndama kiangazi hiki."

Egger alirudi ng'ombe wa mwisho hawajapita. "Hakuna," alisema. "Hata mmoja."

Walimkuta mzee zizini, anazitoa nyasi kwenye kengele, moja baada ya nyingine. Ndama mwekundu alikuwa amesimama nyuma yake, anamlamba kiwiko.

"Ndama mzuri," alisema Rosina.

Vinzenz hakugeuka.

"Una haki ya kunyamaza, Baba Vinzenz. Lolote utakalosema litaandikwa."

"Andika."

"Aproni yako iko wapi?"

"Unayo wewe."

"Na waya?"

"Chini ya majani makavu, pale." Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alionekana mdogo, kama nguo iliyofuliwa ikanywea. "Asubuhi ile niliwavusha ng'ombe njiani. Nikakinga waya wasirudi, kama ninavyofanya siku zote. Siku zote nautoa. Siku ile ng'ombe mmoja alichechemea, nikamshughulikia kwato, nikasahau."

"Uliniambia hukujua kama kuna mtu anakuja."

"Nilijua. Alinipigia simu yule mama. Mwaka mzima hao wa baiskeli wananipita kama upepo, hakuna anayesalimu. Yeye peke yake aliuliza kama anaruhusiwa. Nikamwambia, 'Njoo, mama, njia itakuwa wazi.' Vikombe nilikwisha kuvitoa. Nilikuwa namimina mtindi nikasikia kishindo."

Egger aliacha kuandika. Rosina akamwashiria aendelee.

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai. Simu iko kibandani. Ningeikimbilia, angekufa peke yake. Nikamshika mkono. Akaniuliza, 'Wewe ndiye mzee wa mtindi?' Nikasema ndimi. Akasema, 'Tumechelewa kidogo, samahani.'" Vinzenz alijifunika uso. "Ananiomba samahani mimi! Kisha akakata roho. Nikasikia mwenzake anaita chini. Nikang'oa waya nikakimbia. Mtu mzima na mvi zangu, nikakimbia kama mwizi wa kuku."

"Kwa nini hukusema? Ilikuwa bahati mbaya."

"Nani angeamini? Nilishasema kwenye baa nitawategea waya. Mji mzima ulinisikia. Mji mzima ulicheka. Nikaona bora nife kuliko kuitwa mtu aliyemwita mgeni ili amuue."

"Na Burgi je?"

Ndama alihema.

"Burgi ndiye hasa dhambi yangu," alisema mzee. "Waya niliusahau. Burgi sikumsahau hata siku moja. Kila jioni nilisema kesho nitashuka."

"Mashada kwa nini hukuwavika? Ungewavika, tusingekuja."

"Mgeni niliyemkaribisha kafia malishoni kwangu, mwanangu. Polisi nimewadanganya. Ng'ombe siwezi kuwadanganya."

Rosina alizitoa pingu, akazitazama, akazirudisha mfukoni. Alikuwa amemhoji Burgi kutwa nzima, na kwa huyu alikuwa amekunywa kahawa.

"Kuua bila kukusudia, kuharibu ushahidi, kusema uongo kwa polisi," alisema. "Nami nitaandika kuwa nilikuuliza swali moja tu, la simu na mtindi sikukuuliza, nikaridhika. Simama, Baba Vinzenz. Dada wa marehemu nitampigia mwenyewe."

"Mwambie aliomba samahani. Na mwambie hakuwa peke yake."

"Nitamwambia yote."

"Kabla ya kituoni, nipitishe kwa Burgi."

Walipita katikati ya sikukuu. Watu waliinua bilauri kumpa mzee pole kwa ndama wake, na yeye akawa anawajibu kila mmoja, "Hakuna ndama. Ni mimi niliyemuua yule mama. Burgi hana kosa." Alisema hivyo toka baa hadi kisimani, kwa sauti ile ile. Bilauri zilishuka.

Mbele ya mlango mwekundu kwa maandishi, Vinzenz alibisha. Nyayo zilisikika ndani, zikakaribia, zikasimama.

"Burgi, ni Vinzenz. Waya ulikuwa wangu. Nimekuacha ubebe."

Mlango haukufunguliwa.

Mzee alingoja. Kisha akaenda kisimani, akarudi na ndoo na brashi ya kuogeshea ng'ombe, akapiga magoti akaanza kusugua herufi ya kwanza. Watu walikuwa wamekusanyika, muuza mikate akiwemo. Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.

Rosina aliyakumbuka machozi yake ya kicheko. Akakunja mikono ya sare yake.

"Egger, nitafutie brashi nyingine."

Akapiga magoti kando ya mfungwa wake, akaanza kusugua kutoka mwisho wa neno. Rangi ilikuwa imekwisha kuingia kwenye mbao, ilitoka polepole. Upande wa pili wa mlango, karibu sana, mtu alikuwa anapumua.

Kitasa hakikuguswa.