Mgeni kwa Jina la Mjomba

Saa nne asubuhi.

Chumba cha nyuma, nyumbani kwa Fundi. Dirisha moja, pazia limeshushwa. Mezani zimerundikana kompyuta mbovu za watu ambao hawakurudi kuzichukua. Watu wanne, viti viwili. Dereva amekalia ndoo.

"Narudia mara ya mwisho," alisema Mjomba. Hakuwa mjomba wa mtu yeyote mle ndani, lakini hakuna aliyethubutu kumwita vinginevyo. "Saa saba walinzi wanabadilishana zamu. Dada anaanza kutuma picha. Mimi na Dereva tunaingia ghalani kwa nyuma. Simu mpya, tunabeba kadiri gari litakavyomeza. Saa nane kasorobo tumeshapotea. Fundi hatoki hapa. Yeye ndiye macho yetu."

Dada alifanya kazi kwenye kampuni ya ulinzi, katika chumba cha skrini za kamera. Alimgeukia Fundi. "Hizo picha zitafika kweli? Mimi nikikamatwa, mama yangu mgonjwa hana mwingine."

"Zitafika."

Fundi alikuwa ameiandaa seva kwenye kompyuta yake mwenyewe. Programu ndogo ya bure. Folda moja, akaiita Ghala. Akaingia kwenye kisanduku cha intaneti na kufungua mlango wa mtandao namba ishirini na moja, ili mtu aliye mbali aweke faili na mwingine aichukue. Kisha akafanya jambo ambalo halikuwa na lazima. Neno moja la siri lingewatosha wote, lakini yeye alimfungulia kila mtu akaunti yake, kwa jina lake.

"Unatuandikisha shule?" Dereva alicheka. "Mimi hata simu yangu ni ya vitufe."

"Kila anayeingia namwona hapa," alisema Fundi, akigusa kioo. "Jina linatokea."

Hakuwaambia yaliyobaki. Tangu mke wake aondoke, simu yake ililia pale tu mtu alipokosea namba. Jana walipoijaribu seva, majina yalipotokea moja baada ya jingine, alisema "karibu" kwa sauti, peke yake chumbani, kisha akaona haya. Fedha hazikumsumbua sana. Alichotaka ni watu hawa wasiache kuja. Mjomba alikuwa amemwahidi kwamba kazi hii ikiisha watafungua karakana, wote pamoja, na Fundi atakihama kichumba hiki.

Saa saba na dakika kumi.

Picha ya kwanza ikaingia. Ya pili ikafuata. Rafu, maboksi, mlinzi anafunga begi lake.

"Wa asubuhi katoka," Fundi alisema kwenye simu. "Mwenzake yuko lango la mbele, anapiga soga na muuza vocha. Ingieni."

"Poa. Kaa chonjo."

Saa saba na dakika ishirini na tano.

Picha mpya. Dereva na boksi begani. Nyuma yake Mjomba, barakoa ameishusha kidevuni kwa sababu ya joto, mikono yote miwili imekumbatia maboksi matatu. Fundi alitabasamu. Mambo yalikuwa yanakwenda kama walivyopanga.

Mstari mpya ukatokea pembeni ya skrini. Mtu ameingia. Jina lake: Mjomba.

Fundi aliitazama picha. Mikono ya Mjomba ilikuwa imejaa. Akalitazama jina. Huyo Mjomba mwingine alikuwa anachukua picha moja moja, bila haraka. Fundi akampigia Mjomba simu.

"Kuna mtu kaingia kwa jina lako."

Boksi likawekwa chini.

"Ni polisi," alisema Mjomba. "Nimewapa mimi akaunti yangu."

"Umewapa?"

"Kituo kina magari mawili tu. Nimewaambia genge zima liko kwako, na yote mawili yanakuja huko. Picha wanaziona, lakini maghala yanafanana, hawajui ni lipi. Nyumba yako ndiyo wanayoijua. Futa folda, utoke. Una dakika tano."

"Kwa nini mimi, Mjomba?"

"Fikiria mwenyewe, bwana. Dereva ana watoto watatu. Dada ana mama yake. Wewe nani atakuulizia?"

Simu ikakatika.

Fundi alikaa. Hasira ilikuja, ila uchungu uliitangulia, kwa sababu swali lile alilitafutia jibu na hakulipata. Angeweza kukimbia. Aende kwa nani? Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wahenga walivyosema. Hawakuwahi kukaribisha wageni kama wake.

Alifuta kitu kimoja tu, akaunti ya Dada, ili jina lake lisikutwe. Picha zikaacha kuja. Folda aliiacha wazi, Mjomba amejaa kwenye kioo, uso mtupu.

Saa saba na nusu.

Mlango ulivunjwa. Bastola tatu.

"Wenzako wako wapi?"

"Niko peke yangu."

Hawakuamini. Walipekua chooni, kabatini, chini ya kitanda. Askari mmoja, mwanamke wa makamo, alivuta kiti cha pili, akaketi mbele yake na kuitazama skrini.

"Hili ghala liko wapi, kaka?"

Hakufoka. Alingoja. Fundi alimtazama, kisha akafungua mdomo. Mtaa. Lango la nyuma. Rangi ya gari la mizigo. Askari wawili wakatoka mbio, redio ikapayuka nje, injini zikanguruma. Fundi aliendelea. Alieleza jinsi alivyoifungua seva, na kwa nini aliwapa kila mmoja jina. Alieleza kuhusu mke wake na siku aliyobeba sanduku na kuondoka. Redio ikatangaza kwamba wawili wamekamatwa wakipakia. Katika maelezo yake Fundi alikuwa amefika kwenye karakana, mahali ambapo meza zingewekwa.

Askari yule alisimama, akatoa pingu. Fundi alinyoosha mikono bila kuacha kuongea.

"Basi, kaka, inatosha," alisema mwanamke kwa upole. "Twende. Tutaongea kituoni."

Fundi alimuuliza kama ni kweli wataongea.