Jukwaa Lililokausha Kinyungu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Severina alishuka bondeni na debe lake. Alikuwa msichana wa darasa la tano katika kijiji cha Kilambo, upande wa juu wa Ipogolo, mahali ambapo upepo wa kiangazi humkuta mtu hata akijifunika blanketi. Bondeni palikuwa na chemchemi ndogo iliyojificha kwenye kivuli cha milanzi, mianzi ambayo wenyeji wa Iringa huigema pombe wakati wa masika. Chini ya chemchemi, baba yake, Mzee Kalinga, alikuwa na kinyungu. Kinyungu ni shamba la bondeni, na hulimwa wakati huku juu kila kitu kimekauka. Mwaka ule wa 1975 baba alikuwa amepanda maharage, na mama amezungusha mboga za mnavu na figiri kando kando. Severina alikuwa akijaza debe, akifungua mfereji kwa jembe ili maji yaingie kwenye matuta, kisha akipanda kilima kurudi nyumbani.

Maharage yale hayakuwa ya kuuza. Yalikuwa ya Philbert.

Philbert alikuwa mdogo wake, mtoto aliyekuwa ameshajua kukimbia kisha akaacha. Baada ya njaa ya mwaka uliotangulia, nyumba nyingi zilikula unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, na Philbert alikunywa uji wake mtupu asubuhi, mchana na jioni. Miguu ikavimba, mashavu yakajaa, nywele zikawa nyekundu. Majirani wakamsifu kwamba amenona. Mzee Kalinga alifurahi kusikia hivyo, akawa anambeba mtoto mbele ya wageni wamwone. Mama peke yake ndiye aliyesema kuwa mtoto aliyenona hucheza, na huyu anakaa tu pale alipowekwa, hataki mtu amguse.

Alimpeleka zahanati. Nesi aliyekuwapo, Tusajigwe, Mnyakyusa aliyehamishwa kutoka Mbeya, alibonyeza mguu wa Philbert kwa kidole, na shimo likabaki pale pale. Severina, aliyekuwa amemsindikiza mama yake, aliliona shimo lile, akasubiri lijae, halikujaa.

"Huyu hajanona, mama," Nesi alisema. "Huu ni unyafuzi. Uji mtupu unajaza tumbo, haujengi mwili. Mpe maharage yaliyopondwa, mpe mboga za majani, na karanga ukizipata. Usichelewe. Watoto wa namna hii tunawapoteza."

Ghala lilikuwa tupu, karanga hazikuwapo, na mbuzi waliuzwa wakati wa njaa. Nesi aliwapa maziwa ya unga kidogo, akawaambia kwamba hayatatosha. Kilichobaki kilikuwa kinyungu. Maharage yalikuwa yameanza kutoa maua, na tangu siku ile Severina alikuwa akiyatazama kila asubuhi kama mtu anayesubiri mgeni njiani.

Wakati huo nchi nzima ilikuwa katika kampeni ya Chakula ni Uhai. Wanakijiji walikaa jioni kando ya redio, wakafundishwa juu ya maharage na mboga, wakaitikia vizuri, kisha kila mmoja akaenda kwake kula alichokuwa akila jana. Ndipo ikatangazwa kwamba mashindano ya michezo ya shule za tarafa yatafanyika Kilambo kwa ajili ya kampeni hiyo hiyo. Kijiji kikachangamka. Kamati ikaundwa na Mzee Kalinga akawa mwenyekiti.

Mwaka uliopita kijiji jirani kiliandaa mashindano, kikajenga jukwaa la miti lenye paa la nyasi, na watu wa kule hawakuacha kulisema kila walipokutana na watu wa Kilambo mnadani. Basi kamati ikaamua kwamba jukwaa la Kilambo litakuwa kubwa kuliko lile, la milanzi mibichi, na mbele ya uwanja kutakuwa na milango ya mianzi iliyopambwa kwa majani. Chakula kitakuwa wali wa mchele wa Usangu, maandazi na soda. Mwalimu Edmund, mwalimu wa michezo, aliuliza kwa upole kama wanafunzi hawangeweza kula maharage na viazi, maana ndicho kinachofundishwa redioni. Wazee wakacheka. Mmoja akamuuliza kama yeye huwakaribisha wageni kwa majani kama mbuzi. Mwalimu akanyamaza, na kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa ni kukubali.

Milanzi iliyokuwa karibu na uwanja ilikuwa ile ya chemchemi, na ilikuwa ya Mzee Kalinga mwenyewe. Mwenyekiti angekataaje kutoa cha kwake? Alitoa yote. Vijana walikata kwa mapanga tangu asubuhi, na wanafunzi wakapewa kazi ya kubeba. Severina alibeba pia. Aliona jua likiingia mahali ambapo hapakuwahi kuingia jua. Kisha wakaja wanaume wenye majembe, kwa sababu kamati ilisema maji ya chemchemi hayatatosha kupikia wageni. Wakaanza kulichimba jicho la chemchemi ili walipanue.

Severina aliutupa mwanzi wake, akamkimbilia baba yake uwanjani.

"Baba, wanachimba chemchemi. Maharage ya Philbert yatapata wapi maji?"

Mzee Kalinga alikuwa amezungukwa na watu. Hakupenda kuulizwa na mtoto mbele yao. Alimwambia kuwa chemchemi ile aliikuta babu yake, haiwezi kuondoka kwa majembe ya siku moja. "Mashindano ni kesho," alisema. "Yakiisha, mtafungulia maji. Nenda ukabebe na wenzako." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekaa na aibu ya njaa muda mrefu, na sasa alitaka watu waione Kilambo ikiwa imesimama. Lakini aibu ni mshauri mbaya sana.

Siku ya mashindano uwanja ulijaa. Juu ya mlango wa mianzi palitundikwa kitambaa cheupe ambacho Mzee Kalinga alimwomba Mwalimu Edmund akiandike kwa rangi nyekundu: CHAKULA NI UHAI. Mgeni rasmi alichelewa mpaka watoto wakachoka kupanga mistari. Alipofika alilitazama jukwaa, akalisifu, kisha akasema kuwa angependa kusimama karibu na wachezaji. Akasimama huko juani na wasaidizi wake, na walioketi jukwaani ni wazee wa kamati peke yao. Hapo Mwalimu Edmund aliinamisha kichwa. Sijui kama alikuwa anacheka au analia.

Severina alikuwa mkimbiaji wa mwisho katika mbio za kupokezana vijiti. Kabla ya mbio wanafunzi wa Kilambo walipewa maandazi na soda ili wapate nguvu, na kwa kuwa wengi wao hawakuwa wameonja soda tangu wazaliwe, walikunywa bila kupumua. Severina alipokea kijiti wakiwa mbele. Hakufika mbali kabla tumbo halijaanza kumsokota. Gesi ilimpanda kooni, miguu ikawa mizito, na msichana wa shule ya Ifunda, aliyekula viazi na maharage nyumbani kwao, akampita bila taabu. Kilambo walishika nafasi ya mwisho. Wenzake watatu walitapika nyuma ya jukwaa.

Jioni malori yaliondoka. Uwanjani palibaki vumbi, maganda, vipande vya karatasi na vizibo vya soda. Bondeni palikuwa pabaya zaidi. Watu walikuwa wameoshea masufuria kwenye chemchemi, wakakanyaga matuta, na wengine wakajisaidia kwenye visiki vya milanzi. Maji yaliyobaki yalikuwa tope lenye mafuta.

Severina alingoja tope litulie. Lilitulia, na juu yake hayakubaki maji. Wale wenye majembe walikuwa wametoboa udongo mgumu uliokuwa umeyashika, na maji yakazama kusikojulikana. Siku zilizofuata jicho la chemchemi likakauka, likapasuka. Maua ya maharage yakaanza kuanguka. Severina aliyaokota kwenye matuta, akayashika mkononi, hakujua ayafanyie nini.

Alianza kwenda mtoni. Mto ulikuwa mbali, ndani ya korongo, na njia ilikuwa ya mawe. Alikwenda alfajiri na akarudi tena baada ya shule, na kila debe alilolileta lilinywewa na udongo kabla halijafika mwisho wa tuta. Akaona kuwa hawezi kuokoa kinyungu chote. Akachagua tuta moja. Matuta mengine aliyaacha yafe, na kuyaacha kulimuuma kuliko kubeba maji. Wasichana wenzake walimtania kwamba anamwagilia kaburi. Alibeba tu debe lake, ingawa yeye mwenyewe alikuwa akifikiri hivyo hivyo.

Jukwaa lilikuwa limeanza kukauka na watu walikuwa wakilibomoa usiku kwa kuni. Maziwa ya unga yaliisha, na Nesi alisema hayajaletwa mengine. Mama aliacha kuimba akipika. Jioni moja alimwambia Severina asijitese tena, kwamba Mungu akitaka kumchukua Philbert atamchukua, tuta moja halitamzuia. Severina alilia. Alfajiri alipochukua debe, alimkuta baba yake mlangoni ameshika debe la pili. Walishuka pamoja mpaka mtoni, wakapanda na madebe mawili.

Tuta lile lilitoa kikapu kidogo cha maharage. Kwa mtu mwingine mavuno hayo yangechekesha. Mama hakuruhusu mtu mwingine ayaonje. Aliyachemsha kidogo kidogo, akayamenya, akayaponda na mnavu uliokuwa umesalia kwenye unyevu wa tuta hilo hilo, akamlisha Philbert kwa kidole kwa sababu kijiko alikikataa.

Baada ya majuma kadhaa uvimbe ulipungua, na hapo ndipo hofu ilipozidi. Mashavu yale yaliyosifiwa yaliondoka, mbavu zikaonekana, miguu ikawa vijiti. Majirani walikuja kumtazama, wakatoka wakitikisa vichwa. Mzee Kalinga alimbeba mwenyewe mpaka zahanati. Njiani alimfunika kanga uso, watu wasimwone.

Nesi alibonyeza mguu. Shimo halikubaki.

"Huu ndio mwili wake wa kweli, Mzee," Nesi alisema. "Ule mwingine ulikuwa maji. Sasa mna kazi ya kuujenga, na ni kazi ya miezi. Lakini mmewahi."

Mzee Kalinga alikaa kwenye benchi la zahanati, akalia mbele ya wanawake waliokuwa wakisubiri zamu. Philbert alimtazama kwa hasira, kwa sababu alikuwa na njaa na hakuna aliyekuwa anamjali.

Maisha hayakurudi kama zamani. Masika yalipofika, milanzi ilichipua machipukizi machache na hakuna aliyegema. Kiangazi kilichofuata chemchemi ilikuwa unyevu tu. Kinyungu hakikulimwa. Severina aliendelea kwenda mtoni, na mkimbiaji wa mwisho wa Kilambo akawa msichana mwingine, kwa sababu yeye hakuwa na muda wa mazoezi.

Mwaka huo huo tarafa iliamua tena kuyaleta mashindano Kilambo. Watu walikusanyika shuleni kuchagua kamati, na mtu mmoja akaanza kuzungumzia jukwaa. Mzee Kalinga alisimama akiwa amemshika Philbert mkono. Mtoto alikuwa mwembamba bado, lakini alisimama kwa miguu yake.

"Mwaka jana nilitundika maneno Chakula ni Uhai juu ya mianzi iliyokuwa inakilinda chakula cha mwanangu," alisema. "Niliyasoma maneno yale siku nzima na sikuyaelewa. Wengi wenu mlilia njaa pamoja nami, kisha tukawalisha watoto soda ili tusionekane maskini. Huyu amebaki kwa sababu dada yake alikataa kuacha. Chemchemi haikubaki. Michezo ni mizuri, watoto wakimbie, lakini michezo huisha jioni, na asubuhi yake tumbo linauliza limeachiwa nini. Mwenye kutaka mashindano Kilambo akae kwenye nyasi. Kila mtoto aje na bakuli lake, na tumpikie maharage, mboga na viazi vyetu. Asikatwe hata mwanzi mmoja, na uchafu wetu tuufukie kabla hatujalala."

Hakuna aliyemcheka, wala hakuna aliyetaja mbuzi. Mwalimu Edmund ndiye aliyeinua mkono kwanza kukubali, kisha wengine wakafuata mmoja mmoja, na hoja ikapita.

Mkutano ulipokwisha, mzee mmoja alimuuliza Kalinga chemchemi itarudi lini. Alijibu kwamba hajui, na kwamba amekwisha kupanda milanzi mingine pale, ambayo huenda wajukuu wa Philbert wakaja kukaa kivulini mwake. Kisha akamtafuta Severina kwa macho katika umati, akampa mkono wa mtoto, kisha yeye mwenyewe akachukua debe la binti yake, akaelekea mtoni.