Mkia wa Shungi

Kila alasiri Chiriku alipotoka shule, kabla hata ya kuvua viatu, alipitia chumba cha kushonea. Jina lake la daftarini lilikuwa jingine, lakini watu walimwita hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Habari za darasani alianza kuzimwaga akiwa bado mlangoni. Mama yake mdogo, fundi wa nguo za kike, ndiye aliyemlea yeye na mdogo wake Bonge, kwa kuwa mama yao alifanya kazi mji mwingine.

"Maji kwanza, maneno baadaye," mama mdogo alimwambia kila siku, pini zikiwa zimebanwa midomoni.

Maji hayo yalikuwa ya degu. Degu ni mnyama wa jamii ya panya, mnene kidogo, mwenye masikio ya mviringo na mkia mrefu unaoishia kwa kishungi cheusi. Mama mdogo aliwafuga kandokando ya dirisha, katika vizimba vya waya vilivyotandikwa mbao ili miguu yao isichubuke. Katika kizimba kimoja alikaa dume, aliyetengwa ili jike asishike mimba nyingine kabla ya kupumzika. Katika kingine aliishi Shungi, aliyekuwa amejifungua karibuni, pamoja na dada yake Pacha.

Watoto wa degu huzaliwa na manyoya na macho yakiwa wazi, kama wageni waliokuja na mizigo yao tayari. Hata hivyo, baridi huwamaliza haraka. Shungi alipotoka kula, Pacha aliwalalia watoto wa dada yake mpaka mama arudi, kisha naye akatoka kula. Bonge, aliyekuwa bado darasa la kwanza, alifurahia sana zamu hizo.

"Pacha ni mama yao mdogo," alisema. "Kama wewe."

Mama mdogo alicheka hadi pini zikamdondoka.

Sheria za chumba kile zilikuwa chache. Nyuzi zisiingie kizimbani, maana huwakaba miguu, kwa hiyo kiota kilitengenezwa kwa vipande vya karatasi. Biskuti marufuku, kwa sababu sukari huwaumiza. Watoto wasiguswe bila ruhusa. Na mkia, mkia usishikwe kabisa, hata kwa mchezo.

Chiriku alizijua sheria hizo kama jina lake. Shida ni kwamba shuleni alikuwa ametia chumvi. Aliwaambia wenzake kwamba yeye huwapakata watoto wa degu kiganjani anavyotaka, tena hutulia kama wamepulizwa dawa ya usingizi. Wenzake wakataka kuja kushuhudia. Basi siku moja, mama mdogo alipompelekea jirani gauni na Bonge akiwa anacheza nje, Chiriku alifungua kizimba ajaribu kidogo.

Alimtaka yule mdogo kuliko wote, ambaye Bonge alimwita Kidonge. Mkono wake haujafika kwenye kiota, Shungi aliruka. Alipita juu ya kiwiko chake na kuelekea ukingoni mwa mlango wa kizimba. Chiriku aliingiwa na hofu kwamba ataanguka na kupotelea chini ya cherehani, akamdaka alipoweza kumdaka. Alimdaka mkia.

Shungi alijichomoa mara moja na kurudi ndani. Katika vidole vya Chiriku kilibaki kishungi cheusi na ngozi yake, imevuka kama soksi. Sehemu ya mkia iliyobaki ilikuwa nyekundu, haina kitu.

Chiriku alikifunga kile kishungi katika kipande cha kitambaa, akakitupa kwenye pipa la taka nje, akanawa mikono. Mama mdogo aliporudi na kuona matone ya damu kwenye mbao, aliinama kuchungulia. Shungi alikuwa amejikunyata ndani ya kiota, mkia ameulalia, hataki kuguswa.

"Nani amemfanya hivi?"

"Pacha," Chiriku alisema. "Nimewasikia wakigombana. Nadhani amemng'ata."

Maneno hayo yalitoka kwa wepesi uliomshangaza yeye mwenyewe. Pacha alikuwa pale pale, anatafuna jani kavu, hana hata habari kwamba ameshashtakiwa.

Mama mdogo alimpigia simu daktari wa wanyama na kumweleza kama alivyoelezwa. Daktari alishauri kama yeyote angeshauri: kama jike mwenzake anang'ata, watenganishwe leo leo. Jeraha dogo la meno litapona lenyewe, walitazame tu. Pacha akatolewa, akawekwa peke yake katika kizimba cha akiba juu ya meza ya kukatia nguo.

Kuanzia hapo mambo yaliharibika. Siku iliyofuata Shungi alikuwa na maumivu, hakutulia katika kiota. Alizungukazunguka, akaulamba mkia, akakaa kona huku watoto wakitawanyika kwenye mbao wakimtafuta. Nyasi kavu hakuzigusa sana, na maziwa nayo yalipungua. Kutoka mezani, Pacha alipiga mluzi mwembamba mchana kutwa, ameuelekeza uso kwenye watoto.

"Dada, mbona huongei?" Bonge aliuliza wakati wa chakula cha jioni.

"Nimechoka."

"Umechoka mdomo?"

Siku nyingine angemrushia neno la kumnyamazisha. Safari hii aliinamia sahani. Alijua kabisa kwamba akisema ukweli, Pacha atarudi kiotani na watoto watapata joto. Alijua pia atakavyotazamwa na mama mdogo. Alijiambia kwamba labda kesho Shungi ataamka mzima, na hakutakuwa na haja ya kusema lolote.

Kesho yake Kidonge alikutwa amekufa. Alikuwa amelala mbali na wenzake, karibu na waya, mahali alipofika akitambaa kumtafuta mtu wa kumlalia. Bonge alilia hadi akapata kwikwi. Mama mdogo alimfunga Kidonge katika karatasi safi, kisha akaleta sanduku dogo la kubebea wanyama.

"Pacha ataondoka," alisema. "Mnyama anayemng'ata mzazi hafai kukaa hapa. Nitampeleka kwa mtu anayeweza kumfuga peke yake."

"Pacha hang'ati," Bonge alisema katikati ya kwikwi. "Mimi humpa kidole kila siku. Hajawahi."

"Dada yako amewasikia wakigombana, baba. Chiriku, si ulisikia?"

Chiriku alimtazama Pacha. Alikuwa ameingia sandukuni mwenyewe, anakinusa kipande cha karatasi kilichokuwamo, kisha akakichukua kwa meno kama anayetaka kutengeneza kiota humo. Hapo Chiriku hakuweza tena.

"Sikusikia kitu," alisema, na machozi yakaanza. "Hawakugombana. Ni mimi. Nilifungua, nilitaka kumshika Kidonge. Shungi akaruka, nikamdaka mkia, ngozi ikabaki mkononi. Nimeitupa. Pacha hakufanya lolote, mama mdogo."

Mama mdogo aliivua tepu ya kupimia shingoni, akaikunja polepole, akaiweka mezani. Chiriku alingoja kugombezwa. Badala yake, mama mdogo alilichukua sanduku, akafungua kizimba cha Shungi na kumwachia Pacha.

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," alisema kwa sauti ya chini. "Tumemwonea bure kiumbe wa watu."

Pacha hakuzunguka wala kunusa huku na huko. Alikwenda moja kwa moja kwa watoto, akawasukuma pamoja kwa pua, akawalalia. Mluzi ulikoma.

Daktari alikuja mwenyewe safari hii. Alimfunga Shungi katika taulo, akautazama mkia kwa muda mrefu na kutikisa kichwa.

"Ningejua ni ngozi iliyovuka, ningekuja siku ile ile," alisema. "Huu umeanza kuoza. Degu hujiokoa hivyo akikamatwa na adui, anamwachia ngozi anakimbia. Mkia hauoti tena. Kilichobaki wazi kitakauka na kukatika."

Alisafisha, akatoa dawa, akaonyesha jinsi ya kuwaongezea watoto maziwa tone kwa tone hadi mama apate nguvu. Kisha alimgeukia Chiriku.

"Mtoto, mimi sioni kupitia simu. Ninatibu kile ninachoambiwa. Nikiambiwa uongo, ninatibu uongo, na mgonjwa anabaki vile vile."

Jioni hiyo mama mdogo alimwita Chiriku wakae kwenye mkeka.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Mkia ulikuwa bahati mbaya, ingawa wewe ulivunja sheria. Ningekasirika, ningekusamehe, tungekula. Lakini Kidonge hakuuawa na mkia. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama mdogo."

"Kuanzia leo dawa utampaka wewe. Na mtu yeyote akiuliza habari za mkia huu, mimi sijibu. Utajibu wewe."

Shungi alipona. Ncha ya mkia ilikauka na kukatika kama daktari alivyosema, akabaki na kisiki kifupi kilichomfanya apepesuke kidogo alipopanda ubao wa juu. Watoto waliobaki walinenepa, wakaanza kugombania nyasi na kujigaragaza katika karai la mchanga. Kizimba cha akiba kilirudishwa darini.

Siku moja mteja alikuja kupunguziwa gauni. Akiwa amesimama kupimwa, alikitupia jicho kizimba.

"Fundi, huyu mbona hana mkia? Alikutana na paka nini?"

Mama mdogo alikuwa na pini midomoni. Hakuzitoa. Aliendelea kukunja pindo la gauni.

Paka lilikuwa jibu zuri sana, na mteja mwenyewe ndiye aliyelileta. Chiriku aliweka chini chupa ya maji ya degu.

"Hapana, shangazi," alimwambia mteja. "Mimi nilimshika mkia, ukavuka. Halafu nikamsingizia mwenzake, na mtoto wao mmoja akafa."

Bonge alichungulia mlangoni akimtazama dada yake. Mama mdogo alichomeka pini ya mwisho, akanyanyuka akijishika kiuno.

"Ukweli una uchungu wa mara moja," alisema. "Uongo ungekuuma kila mara mtu anapoingia mlango huu." Kisha akaisogeza stuli kwa mguu. "Maji umeshawapa. Haya, kaa hapa unieleze. Leo darasani kulikuwa na nini?"