Vigae Vitatu vya Granada

Mji wa Madrid uliinuka taratibu juu ya meza ya kulia chakula, nyumba baada ya nyumba, mpaka paa la mwisho likakaa karibu na kopo la sukari. Mwanamvua alilisogeza kopo pembeni. Kwenye uwanja mkuu wa mji, uliozungukwa na majumba mekundu pande zote nne, watu wadogo kama punje za mchele walikatiza chini ya jua la huko. Mmoja tu alikuwa na urefu wa kijiko, ili aonekane vizuri. Alisimama akainua uso.

"Haya, Mama Kibibi," alisema. "Hapa Madrid tumeshapamaliza. Leo tuamue Toledo, maana tangu juzi tunazunguka palepale."

"Tuamue, Baba Kibibi," Mwanamvua alijibu, akavuta kiti.

Miaka hiyo hapakuwa na mtu wa Tanga aliyefunga safari ya mbali bila meza-safari. Kampuni ilikuletea meza nyumbani, ikakuvisha kofia ya kunakili kwa muda wa saa moja, na kofia ikachukua kumbukumbu zako, tabia zako, vyakula unavyovikataa na maumivu yako ya mwili. Kutokana na nakala hiyo meza ilitengeneza kivuli. Kivuli kilitembea safari nzima kabla yako: kilipanda ngazi, kilipanga foleni, kililala hotelini, kisha kikakwambia wapi utachoka na wapi utafurahi. Ulibadilisha mpango mpaka ukaridhika. Hapo uliweka dole gumba kwenye kioo kidogo pembeni ya meza, safari ikathibitishwa, na kivuli kikazimika papo hapo, kwa kuwa kazi yake ilikwisha. Hakuna aliyekililia kivuli, maana mwenyewe alikuwa amekaa hapo hapo anakula kitumbua.

Katika nyumba ya Mwanamvua, mwenyewe hakuwepo. Mbaruku, aliyekuwa mumewe kwa miaka thelathini na sita, alivaa kofia ya kunakili siku ya Jumatano, kwa sababu magoti yake ndiyo yaliyokuwa mabovu na kampuni ilitoa kivuli kimoja tu kwa kila mpango. Ijumaa ya wiki iliyofuata moyo wake ulisimama akiwa kazini. Alizikwa Jumamosi. Mwanamvua akakaa eda, na siku ya tano, wageni walipopungua, akaiwasha meza.

Hakukusudia kumdanganya. Alitaka kumwona tu. Lakini kivuli kilimwamkia kwa sauti ile ile, kikauliza kama chai iko tayari, naye akajikuta anajibu kwamba bado kidogo. Tangu siku hiyo, kila baada ya sala ya alasiri, mjane alikaa mezani kupanga safari na marehemu. Kila walipokaribia kukubaliana, yeye alitafuta kasoro. Aliongeza Segovia, akaitoa, akairudisha. Aliipinga hoteli ya Sevilla kwa sababu ya rangi ya mapazia. Barselona aliisifia mpaka mumewe akakubali, kisha akasema hapana, kwanza waangalie ule mlima wa Montserrat kama una njia ya watu wazima. Mji mmoja tu hakuwahi kuufungua, nao ni Granada. Granada ulikuwa mwisho wa orodha, na baada yake pasingebaki kitu cha kupanga.

Ajabu ni kwamba Granada ndiyo iliyokuwa sababu ya safari yenyewe. Mbaruku alikuwa fundi wa vigae, karibu wa mwisho mjini aliyetandaza kwa mkono. Roboti mtandazaji alimaliza ukumbi mzima kwa asubuhi moja, na Mbaruku aliitwa kwenye nyumba za zamani tu, zile zenye kona zilizopinda ambazo roboti zilizisusa. Miaka ishirini alikuwa akisema kwamba kabla magoti hayajamkataa kabisa atakwenda kwenye ikulu ya Alhambra, akaweke pua yake karibu na vigae vilivyokatwa na watu mamia ya miaka iliyopita. Mwanamvua alimtania kwamba ana mke nyumbani lakini mapenzi yake yako ukutani. Ilikuwa kweli kidogo. Mbaruku hakuwahi kuinuka mstari wa vigae ukiwa haujaisha. Wali ungepoa, mchuzi ungeganda, na yeye angeitikia kutoka chumba cha pili, "Bado vinne tu, mke wangu!"

Siku ya mia na kumi na tatu ya eda, kioo cha ukutani kiliita. Alikuwa Injinia Ndekirwa, msichana wa kampuni anayeangalia meza za Tanga yote.

"Shikamoo, Bi Mwanamvua."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani kwa usumbufu. Mpango wenu umebadilishwa mara sitini na tatu. Je, huduma yetu ina tatizo?"

"Haina. Mume wangu ni mtu wa kuchagua sana."

"Naweza kuzungumza naye? Mwenyewe, si kivuli."

Mwanamvua aliuvuta mtandio kichwani. Ndekirwa alimtazama, akatazama na nguo nyeupe isiyo na ua wala nakshi, shingo isiyo na mkufu. Kalamu aliyokuwa nayo mkononi akaiweka chini.

"Pole sana, mama. Sikujua."

"Ungejuaje? Sikusema."

Injinia alivuta pumzi. "Basi inabidi nikueleze. Kivuli kimeundwa kudumu siku tisini. Watu wengi humaliza kupanga kwa wiki mbili, kwa hiyo hatukuona haja ya zaidi. Hiki chako kina siku mia moja ishirini na mbili. Kikipita muda wake kinachakaa. Kwanza kinarudia maneno, halafu kinasahau majina. Mwisho kinasahau kila kitu isipokuwa maumivu yaliyonakiliwa, na kinayasikia bila kujua yanatoka wapi."

"Kitalia?"

"Niliwahi kukisikia kimoja. Sipendi wewe usikie."

"Nikiufuta mpango?"

"Kinazimika vilevile. Tofauti ni kwamba hutasafiri."

"Mjane aende Uhispania kufanya nini?" Mwanamvua aliuliza, na sauti yake ikatoka kali kuliko alivyotaka. Ndekirwa alisema hatapeleka taarifa kwa wakubwa wake siku hiyo. Waliagana kwa heshima.

Alasiri ile Mwanamvua aliwasha meza kwa woga. Toledo iliinuka juu ya kilima chake, mto ukiizunguka, na Mbaruku alikuwa tayari katikati ya mteremko, ameshika goti.

"Kilima hiki kirefu," alisema. Akapanda hatua tatu. "Kilima hiki kirefu." Hatua nyingine tatu. "Kilima hiki kirefu, wewe mama. Wewe mama, unaitwa nani vile?"

Mwanamvua alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Aliita jina lake mwenyewe kwa sauti, mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu kivuli kikapepesa macho, kikarudi.

"Mama Kibibi. Nimekuwaje mimi?"

"Umechoka tu."

"Sijachoka." Alikaa juu ya jiwe la njiani, akatazama juu, pale jicho la meza lilipomwonyesha mkewe. Alitazama muda mrefu. "Hebu ilete mikono yako karibu."

Akaileta, kwa kuwa alikuwa amezoea kutii sauti ile inapokuwa ya upole.

"Idi imepita na hukupaka hina," Mbaruku alisema polepole. "Kila siku nikija nakukuta na hiyo nguo nyeupe. Vikuku hakuna. Kutoka hutoki, hata nyanya unaletewa mlangoni na kile kitoroli-roboti cha sokoni. Nikadhani unaumwa unanificha." Akalisugua goti. "Mke wangu, umemkalia nani eda?"

Lilikuwa swali lisilohitaji jibu. Mwanamke hakai eda kwa ajili ya kaka wala kwa mama yake mzazi. Kila mtu wa pwani anajua hilo, na kofia ya kunakili ilikuwa imelichukua pamoja na mengine yote. Mwanamvua alikuwa ameuficha msiba kwa mdomo wake huku akiutangaza kwa mwili mzima, kwa sababu hakuweza kumkosea marehemu eda yake hata kwa kumpendeza kivuli chake. Akalia. Alilia kwa sauti, kilio alichokatazwa na mashangazi siku ya mazishi.

Mbaruku alisogea ukingoni mwa jiwe.

"Ilikuwaje?" aliuliza.

"Moyo. Ulikuwa kazini."

"Niliumia?"

"Walisema ni mara moja tu."

"Nilimaliza mstari?"

Aliyemletea habari alimletea na ndoo ya saruji, mwiko umegandia ndani. "Ulimaliza," Mwanamvua alisema.

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akayashika magoti. "Basi yule amepumzika. Mimi je? Mimi ni nani? Magoti haya yanayoniuma ni ya nani?" Alitazama mji mzima wa Toledo uliomzunguka, na watu wake wasiomjua. "Naogopa, Mama Kibibi."

Katika miaka thelathini na sita hakuwahi kulitamka neno hilo mbele yake. Mwanamvua angetoa chochote ampe mkono, lakini mkono wake ulikuwa mkubwa kuliko kanisa la Toledo na ungepita katikati yake kama hewa. Akamweleza yote aliyosema injinia, bila kupunguza. Ukiacha uongo ule mmoja wa mstari, aliona hana haki tena ya kumficha kitu.

"Nipeleke Granada," Mbaruku alisema mwishowe. "Kordoba na Sevilla ziache. Barselona na mlima wake utaviona wewe."

"Siendi popote."

"Nipeleke kwanza."

Aliufungua mji aliouogopa siku zote zile. Toledo ikalala, na mahali pake ikulu ikasimama juu ya kilima chake chekundu, na nyuma yake milima yenye theluji ikafika mpaka kwenye chupa ya maji. Meza ilimpitisha Mbaruku langoni, ikamwingiza kwenye ua wenye bwawa refu, mpaka chumba ambacho kuta zake zilifunikwa vigae vya kijani, buluu na rangi ya asali. Akasogea mpaka pua ikakaribia ukuta.

"Lo!" alisema. "Lo, mke wangu! Hapa hapakupita roboti. Ona hiki, aliyekikata alikuwa na haraka kidogo. Na huyu wa pembeni yake akamrekebishia." Alicheka, kicheko chake chenyewe, kile cha kutoka tumboni. "Laiti ungeona."

"Naona."

"Huoni. Unatazama." Akapiga magoti, na safari hii hakulalamika. "Nitauhesabu huu mstari wa chini, kutoka mlangoni mpaka kona. Wewe weka dole lako ukiwa tayari. Usiniage. Wala usiniambie."

Akaanza kuhesabu, kidole kikipita juu ya kila kigae kama alivyofanya kwenye sakafu zote za maisha yake. Kumi. Ishirini. Alinung'unika kuhusu kiungo kimoja, akasifu kingine. Thelathini. Mwanamvua alikuwa amelileta dole gumba juu ya kioo na limeganda pale. Alijua kona inakaribia. Alijua pia kwamba Mbaruku akifika konani atageuka amwangalie, maana kila alipomaliza mstari aligeuka kumtafuta kwa macho, na kama angegeuka yeye asingeweza kamwe.

"Arobaini," Mbaruku alisema. "Arobaini na moja."

Akabonyeza.

"Safari imethibitishwa," meza ilisema kwa sauti ya uchangamfu. "Msafiri mmoja. Karibu Uhispania."

Chumba cha vigae kilibaki kinang'aa. Watu wadogo waliendelea kupita kwenye ua, na mbele ya ukuta hapakuwa na mtu. Mwanamvua alikaa mpaka adhana ya magharibi. Ndipo alipoiuliza meza vigae vya mstari wa chini, kutoka mlangoni mpaka kona, ni vingapi.

"Arobaini na vinne," meza ilijibu.

Alilitazama dole lake kwa chuki. Hakujua kama alikuwa amemstiri mume au amemuua fundi kazini. Alichojua ni kwamba mtu ambaye hakuwahi kuuacha mstari njiani ameuacha mara mbili, na mara ya pili ni kwa mkono wa mkewe.

Kesho yake Injinia Ndekirwa alipiga tena, macho mekundu, kama mtu ambaye naye hakulala vizuri.

"Nimeona umethibitisha, mama. Nataka ujue bado unaweza kufuta. Wengi walio katika hali yako hufuta."

"Zimebaki siku kumi na sita nitoke eda," Mwanamvua alisema. "Ya kumi na saba nitasafiri."

"Sawa. Kwa mpango ulivyo utaanza Madrid, halafu Toledo, halafu..."

"Nianzishie Granada."

"Granada iko mbali na uwanja wa ndege utakaoshukia. Kwa nini ujichoshe?"

"Kuna vigae vitatu vimebaki," Mwanamvua alisema. "Nikishavihesabu, hiyo miji mingine nitaitazama."