Kilicholala Sebuleni Saa Tisa

Anti Nangila anaishi nje kidogo ya mji wa Busia, upande wa Kenya, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, Anko Maloba. Mwezi mmoja baada ya mazishi nilihamia kwake kwa sababu moja tu: ana waifai. Niliacha shule kidato cha pili, na sasa shule moja ilikubali kunihoji kwa video, Ijumaa saa tisa alasiri. Nikifaulu, ningesomeshwa bure hadi kidato cha nne. Nikishindwa, basi, ningebaki kuosha vyombo vya watu.

Asubuhi mtandao ulikuwa mzuri. Ikifika saa tisa, kila siku, ulikwama. Picha ziliganda, sauti zikakatika kama za mtu anayekabwa koo. Saa kumi unapona.

Jumatano tukamwita Juliet, fundi wa simu kutoka Tororo, ng'ambo ya mpaka, anayefanya kazi mpakani.

"Ni huyu Caro nakula mtandao na video zake," alisema akicheka, kwa Kiswahili chake cha ng'ambo.

"Mimi nasoma tu, fundi."

"Eh, mwalimu! Pole basi."

Alizima ruta, akaiwasha. Akabadilisha mipangilio. Akaondoa simu zetu zote. Saa tisa ukakwama vilevile. Basi akafungua programu ya kupima mtandao kwenye simu yake, akaanza kutembea sebuleni. Ruta ilikuwa sakafuni, kando ya kabati. Kompyuta yangu ya kuazima haikuwa na betri, kwa hiyo ilikuwa kwenye kigoda karibu na soketi ya ukuta wa pili. Juliet akishika simu kifuani, mtandao unaenda. Akiinama hadi magotini, unakwama. Akisogea kando, unapona. Kila ulipokwama, aliniambia nichore sakafuni kwa chaki.

Tulipomaliza, mchoro ulikuwa mrefu. Mpana mabegani. Mwembamba miguuni.

Ndipo nikaona inzi. Walikuwa wametua, wanasugua miguu. Lakini hawakutua sakafuni. Walitua hewani, juu ya chaki.

"Maji nazuia mtandao," Juliet alinong'ona. "Na mtu ni maji. Mama, nani nalala hapa?"

Anti alijifunika pua kwa leso. Kwetu maiti hulala sebuleni usiku mmoja, watu wakikesha naye, ndipo azikwe. Anko alifia Tororo, na makaratasi yake yakakwama mpakani siku tatu. Gari lilipofika, jeneza lilikuwa linavuja.

"Sikuweza," Anti alisema. "Nilifunga mlango. Nikawaambia wampeleke shimoni moja kwa moja. Ilikuwa saa tisa."

Nilinyoosha mkono niwafukuze wale inzi. Vidole vikazama. Kitu baridi, laini, kama utando wa maziwa yaliyolala. Kikanigandia. Nilinawa kwa sabuni ya kufulia mara nne, na bado vidole viliteleza. Nikatapika.

"Weka ruta juu ya kabati," Juliet alisema. "Mimi nakwenda." Hakurudi tena.

Alhamisi tukajaribu. Ruta ikiwa juu, saa tisa ilipita na mtandao haukukwama. Anti alinisihi niache. Lakini sikuwa na kompyuta nyingine, wala siku nyingine.

Ijumaa niliketi mbele ya kigoda, miguu nimeikunja nisiiguse chaki. Anti alikuwa nje, akisali. Aliyenihoji aliitwa Mwalimu Norah. Swali la kwanza nikajibu. La pili nikajibu.

"Caro, kwa nini unataka kurudi shule?"

Picha ikaganda.

Nikatazama juu. Ruta ilikuwa pale pale juu ya kabati. Aliyelala hafiki huko.

Alikuwa ameketi.

Inzi walikuwa wamepanda. Sasa walitua mbele ya uso wangu, karibu kabisa. Harufu ikaja, nzito, tamu, ya nyama iliyosahauliwa. Nikabana pua. Nikafunga mdomo. Nikafumba macho. Sikusema neno hata moja.

Kisha sauti ikarudi. Nikafumbua macho. Mwalimu Norah alikuwa anafuta machozi.

"Asante, Caro. Sijawahi kusikia mtoto akijibu hivyo. Uje Jumatatu."

Nilitaka kumshukuru. Ulimi ukagusa kitu nyuma ya meno. Nikakishika kwa vidole. Ilikuwa pamba, ile wanayoziba nayo pua za maiti, imelowa, ya manjano.

Nikaivuta. Ikaendelea kutoka.