Nyonga ya Kumi na Mbili

Ijumaa nyonga zilikuwa kumi na moja. Jumatatu asubuhi karani wa vielelezo katika ofisi ya wakili alizihesabu tena, akapata kumi na mbili.

Alihesabu kwa kidole, kisha kwa ncha ya kalamu. Zote zilikuwa nyonga bandia za chuma, zilizotolewa kwenye miili ya wateja wa ofisi baada ya kulika ndani na kuwachafulia damu, na kila moja ilikaa kabatini, kwenye mfuko wake uliopigwa lakiri. Haikuruhusiwa kuziosha. Uchafu ulioganda juu yake ndio ulikuwa ushahidi dhidi ya kampuni iliyozitengeneza.

Ya kumi na mbili ilikuwa safi, inang'aa. Lakiri yake nzima. Kwenye lebo, mahali pa jina la mdai, palikuwa patupu.

Ufunguo wa kabati ulikuwa mmoja tu, nao aliuvaa shingoni.

Saa nne mawakili wa kampuni wangekuja kukagua. Angewaonyeshaje kitu kisichoandikwa, ndani ya kabati lake yeye, ambaye hata pini za karatasi alizipanga kwa ukubwa? Akafungua daftari: *12. Nyonga moja, ya chuma. Nimepokea.* Akatia saini na majina yake matatu.

Ndani ya kabati, kitu kikavuta pumzi.

Mawakili walilinganisha mifuko na daftari, wakatoa nakala ya ukurasa, wakaenda zao. Mchana ikaanza harufu, ya chuma cha moto na kidonda kibichi. Kesho yake zikaanza hatua: moja nzito, ya pili ikiburuzwa.

"Umekunywa chai leo?" bosi wake, wakili, alimtania alipomkuta amesimama juu ya kiti. "Kesi keshokutwa, wewe unapanda samani?"

Jumatano mchana, wakili akiwa mahakamani, aliingia Mama Cherehani, mteja wao wa kwanza, kwa magongo yake mawili. Alikuwa fundi wa nguo. Tangu nyonga ile itolewe hakuwekewa nyingine, na cherehani yake ya miguu ilikuwa imefunikwa shuka. Akishinda kesi, angefanyiwa upasuaji. Alikuja kuuliza kama kuna jipya, lakini alipokaa tu akageuza shingo.

"Mwanangu, nani anachechemea nyuma ya kabati?"

"Hakuna mtu, mama."

"Usinidanganye. Kuchechemea nakujua. Mwaka wa tatu huu nasomea kazi hiyo."

Karani akamweleza yote kwa kunong'ona. Mama Cherehani hakucheka. Alimpigia simu dada yake, mganga, mwanamke mfupi aliyefika na chetezo ndani ya mfuko wa plastiki. Moshi wa ubani ulipofika kabatini, daftari lilijifungua lenyewe mezani, kurasa zikakimbia, zikasimama kwenye ule mstari.

"Pepo huyu alikuwa anatangatanga," mganga alisema taratibu. "Wewe umempa makazi, tena kwa maandishi. Kata huo mstari, kwa mkono uleule uliosaini, ataondoka."

"Siwezi. Wana nakala. Watasema tumechezea ushahidi, na kesi ya wadai wote kumi na mmoja itatupwa."

"Kata," Mama Cherehani akasema. Macho yake yalikuwa sakafuni. "Mimi magongo nimeyazoea."

Karani alishika kalamu, akaiweka mezani, akaishika tena, na muda wote huo hatua zilizunguka kiti chake, nzito na ya kuburuza, nzito na ya kuburuza, mpaka zikasimama nyuma yake na joto la pumzi likamgusa shingoni palipolala ufunguo. Akafunga daftari.

"Haya," mganga akasema, akizima makaa. "Sasa si mgeni wa kabati tena. Ni wako."

Alhamisi ukumbi wa mahakama ulijaa. Karani wa jaji aliwaita wadai kwa namba za vielelezo vyao, na mmoja mmoja wakaitika. Baada ya wa kumi na moja akatazama karatasi yake.

"Mdai wa namba kumi na mbili?"

Wakili alianza kupekua jalada, na karani wake, aliyekaa benchi moja na Mama Cherehani, alibana midomo, akaiziba kwa kiganja, akaongeza na cha pili, akauma ulimi mpaka akaonja damu, na bado alihisi kitu kikipanda kutoka tumboni, kikipita kifuani, kikijinyoosha kooni kama mtu anayeinuka baada ya kukaa muda mrefu.

"Nipo."

Sauti iliyomtoka ilikuwa nzito, ya mtu mzima aliyechoka kusubiri.

"Jina?" jaji aliuliza, bila kuinua kichwa.

Sauti ikataja majina ya karani, yote matatu. Mama Cherehani akavuta magongo yake, akasogea mwisho wa benchi.

"Pita mbele tukuone," jaji akasema.

Karani akainuka. Hakuwa ameamua kuinuka.