Mifano Mitatu ya Neno Moja

Saa mbili kasorobo asubuhi, watu thelathini wamesimama mbele ya lifti moja na lifti haiendi. Hebu niambie, kuna adhabu kuliko hiyo? Kuna wenye mafaili, kuna wenye vikombe vya chai, kuna waliovaa viatu vya kupandia lifti wala si vya kupandia ngazi. Kwenye kisanduku cha swichi limening'inia kufuli jekundu. Kando ya kufuli kasimama mwanamume wa ovaroli ya buluu iliyopigwa pasi mikunjo ikasimama, ametulia tuli, utadhani dunia nzima iko likizo.

"Kaka, si imeshapona?" aliuliza mwanamke mmoja aliyekuwa mbele ya wote. Alivaa gauni la rangi ya haradali na kitambaa cha kichwani cha rangi hiyohiyo, na mikononi alikumbatia boksi lililomzidi nguvu.

"Imepona, dada. Nimeijaribu mara mbili. Bado ya tatu."

"Na hiyo ya tatu inakuja lini, mwakani?"

"Dakika kumi."

"Basi toa hilo kufuli tupande. Tukianguka, lawama zetu."

"Siwezi. Kila fundi ana kufuli lake. Akiliweka yeye, analitoa yeye, tena akisharidhika. Kazi yetu haiamini neno la mtu."

"Hata la bosi wako?"

"La bosi ndilo siliamini kabisa."

Watu wakacheka. Mwanamke yule hakucheka. Alikuwa amechelewa, visigino vilikuwa vikimuuma, na kama kuna kitu kilichokuwa kikimpandisha mori tangu utotoni ni mtu mtulivu. Akageuka kuelekea ngazi na boksi lake. Fundi alipomaliza kumtazama, akaomba watu radhi, akamfuata, akalipokea boksi bila kuulizwa.

"Humu mna nini, mawe?" aliuliza walipofika ghorofa ya tatu, akihema.

"Maneno."

"Maneno ndiyo mazito hivi?"

"Ya herufi W."

Akamweleza. Alikuwa mtunzi wa kamusi, katika kampuni ya vitabu iliyokuwa ghorofa ya sita. Walikuwa wakitengeneza kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili, na kila neno lilikuwa na kadi yake: maana yake, linavyotumika, na mifano mitatu ya sentensi. Mifano hiyo lazima mtunzi aitoe kichwani mwake, na sentensi ambayo mtu aliye hai hawezi kuisema ilitupwa kapuni. Fundi alisikiliza kama anayesikiliza mashine. Walipofika ghorofa ya sita alikuwa na namba yake ya simu, na mtunzi wa kamusi hakuelewa aliitoa saa ngapi.

Hivyo ndivyo walivyoanza, kwa ugomvi, na miezi minane ikapita kwa utani. Fundi akamwita Kamusi. Yeye akamwita Kufuli.

"Umefika?" fundi angeuliza jioni kwenye simu.

"Nimefika."

"Umefunga mlango?"

"Nimefunga."

"Umeuvuta kuhakikisha?"

"Kufuli, mimi si jengo."

"Wewe ni jengo la thamani. Hebu vuta mlango, mpenzi."

Naye angecheka, akauvuta. Mwanamume huyu alinusa maziwa kabla ya kuyanywa, alikibonyeza kiti kabla ya kukikalia, na barabara aliivuka akiwa ameshatazama kulia, kushoto, kisha kulia tena. Mwanzoni yote hayo yalimpendeza Kamusi. Alijisemea kwamba mtu wa namna hii akikupenda, amekupenda baada ya kukukagua vizuri.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakutaka likaguliwe. Alikuwa amemwambia fundi kwamba zamani aliwahi kuchumbiwa na mpima ardhi mmoja, na kwamba yeye ndiye aliyemwacha. Uongo mtupu. Aliachwa yeye, siku tisa kabla ya harusi, kadi zimeshatumwa, gauni limeshapimwa mara ya pili. Mpima ardhi alipata mwingine. Na nani asiyejua midomo ya watu? Mwanamume akiachwa, wanasema kaponea chupuchupu. Mwanamke akiachwa, wanauliza ana kasoro gani. Kwa hiyo aliugeuza ukweli miguu juu kichwa chini, akaona amesitirika.

Jumanne ya wiki ambayo wajomba wawili wa fundi walipaswa kuleta posa, simu ya Kamusi ikalia akiwa kazini.

"Hujambo," ilisema sauti aliyoijua, ile ya kujikweza. "Nimesikia Jumamosi unachumbiwa. Hongera."

"Umepata wapi namba yangu?"

"Namba yako ninayo siku zote. Nilitaka tu ujue kwamba mchumba wako alinitembelea ofisini. Wiki mbili sasa. Mstaarabu sana. Aliuliza kwa nini hatukuoana."

"Ukamwambia nini?"

Mpima ardhi akacheka. "Mwulize mwenyewe," alisema, akakata.

Hofu na hasira ni ndugu wa tumbo moja, lakini hasira ndiyo yenye heshima mbele za watu. Basi Kamusi akaichagua hasira. Akampigia fundi palepale, wenzake wakisikia.

"Ulikwenda kwa mpima ardhi."

"Nilikwenda."

"Kufanya nini?"

"Kuuliza."

"Mimi sina mdomo?"

"Unao, mpenzi. Ila..."

"Usiniite mpenzi. Ila nini?"

"Ila ndivyo nilivyo. Jambo kubwa silipokei kwa mdomo mmoja. Ni tahadhari tu."

"Tahadhari? Tahadhari mtu huichukua kwa moto, kwa umeme, kwa ngazi yenye maji. Kujihadhari na mtu ni habari nyingine. Waingereza wana neno lake, na kadi yake iko hapa mezani pangu leo: wary. Unajua linatumikaje? Karibu kila mara linafuatwa na yule anayeogopwa. Umewahi kuona kibao getini, Jihadhari na mbwa mkali? Basi hapo penye mbwa ndipo uliponiweka mimi."

"Sikukuweka..."

"Waambie wajomba zako wasije."

Akakata simu, akaizima, akaitupa kwenye droo. Ofisini kila mtu ghafla alikuwa na kazi nyingi.

Nyumbani alimkuta dada yake mkubwa, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, akikunja nguo. Akamsimulia yote kwa sauti ya juu. Dada mtu alisikiliza, akikunja.

"Kwa hiyo mwanamume kuulizia ni kosa?" alisema mwishowe. "Mimi si nilimpigia simu mwenye nyumba wake? Na wewe ulikaa hapohapo, masikio wima."

"Ni tofauti, dada."

"Tofauti iko wapi?"

"Wewe hukwenda kwa mwanamke aliyewahi kumpenda."

"Ningemjua anakokaa ningekwenda. Mdogo wangu, mimi nakujua. Hukasiriki kwa sababu kauliza. Unakasirika kwa sababu hujui kajibiwa nini. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia ofisini kwa mpima ardhi."

Kamusi akaingia chumbani, akaubamiza mlango. Siku mbili hakuiwasha simu. Alikuwa na hasira na fundi, na mpima ardhi, na dada yake, na mtu wa kwanza aliyeanzisha desturi ya kuuliza mwanamke ana kasoro gani. Usiku alijigeuza kitandani akipanga matusi. Asubuhi aliamka ana hofu ileile ya jana: kwamba fundi anajua, na kwamba anashukuru amesalimika.

Hasira hizo akazimimina kwenye kadi. Alhamisi mhariri mkuu, mama mfupi mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani, akamwita ofisini kwake na kuisoma kadi kwa sauti.

"Mfano wa kwanza: Fundi yule alijihadhari na kila mtu, hata na mwanamke aliyempenda. Wa pili: Ukiona mwanamume anajihadhari nawe, mfungulie mlango aende zake. Wa tatu: Alijihadhari naye mpaka akampoteza, na ilimstahili." Akaiweka kadi chini. "Maana sawa. Sarufi sawa. Lakini mifano mitatu, mtu mmoja, na yote inamtukana. Kamusi si beseni la kufulia."

"Ndivyo neno linavyotumika, mama."

"Nusu. Anayeogopa kila kitu ni mwoga, na huyo ana kadi yake kule kwenye herufi C, kwenye coward. Huyu wa kwetu ameona kitu, au aliumwa na kitu zamani. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Katika mifano yako simwoni aliyeumwa."

"Hajaumwa na kitu yule."

"Sijasema yeye."

Mhariri akamrudishia kadi.

"Kaandike upya," alisema. "Na unawe uso."

Ijumaa, saa ya chakula cha mchana, Kamusi alimfuata fundi kazini. Huyo alikuwa akitengeneza lifti ya mizigo katika duka kubwa la samani, na ilibidi Kamusi apite kati ya vitanda na makabati mpaka nyuma kabisa. Muuzaji mwenye tai alimfuata akimwuliza kama anatafuta kitanda au kochi. Kamusi akampita. Alivaa gauni jeusi lisilopigwa pasi, na macho yalikuwa mekundu.

"Nimekuja kukutukana," alimwambia fundi.

"Karibu. Kaa kwanza." Akakibonyeza kiti kilichokuwa karibu.

"Usikijaribu. Nitakaa hivyohivyo."

"Hicho mguu wake mbovu, dada," alisema muuzaji.

Kamusi akabaki amesimama, hasira zimezidi. "Niulize," alisema.

"Nikuulize nini?"

"Ulichomwuliza yeye. Niulize mimi, hapa, nikiwa mbele yako."

Fundi alifuta mikono yake taratibu. Uso ulikuwa umemkonda kwa siku tatu. "Kwa nini hukuolewa na mpima ardhi?"

"Kwa sababu aliniacha. Siku tisa kabla ya harusi. Mimi sikumwacha mtu. Nilikudanganya, kwa sababu nilijua ukisikia nimeachwa utaanza kutafuta ubovu uko wapi."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba alikuacha. Aliniambia siku ileile, tena kwa majivuno. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa wajomba, nikawaambia wapange siku ya kuja kwenu."

Kamusi alidhani akisikia hivyo angepumua. Badala yake alipanda juu kama moto wa kifuu. "Wiki mbili unajua? Unakula nami, unanitania kwenye simu, na umenyamaza? Kumbe ulikuwa bado unanijaribu. Mara ya tatu."

"Ndiyo," alisema fundi.

Kamusi hakutarajia jibu hilo. Fundi naye alikuwa ameinua sauti, na katika miezi minane Kamusi hakuwahi kuisikia sauti hiyo.

"Ndiyo, nilikuwa nakujaribu. Kila jioni nilisema, leo ataniambia. Hukuniambia. Na mimi nina hasira, kama hukujua. Nilikwenda kukaa mbele ya mtu ninayemdharau, nikamwomba ukweli ambao wewe ungenipa bila hata kuinuka kochini."

"Ungenitaka, mwanamke aliyeachwa?"

"Nimekwambia nilikwenda wapi nilipotoka kwake. Unataka nikuambie mara ngapi?"

Muuzaji akakumbuka kazi aliyokuwa nayo kwenye makabati.

"Ulimwuliza nina kasoro gani?"

"Nilimwuliza. Sitakuficha. Akasema una mdomo. Nikamwambia hilo nalijua."

Kamusi akalia. Hakulia kwa huzuni. Alilia kwa hasira za miaka mitatu alizozibeba akitabasamu, za kadi zilizotumwa, za gauni lililorudishwa kwa fundi cherehani, za mashangazi waliomtazama kuanzia juu mpaka chini wakitafuta pale palipoharibika. Fundi hakumwambia nyamaza. Akatoa kitambaa mfukoni, akakigeuza pande zote mbili atafute upande usio na grisi, akampa.

"Ulikosea kwenda kwake," alisema Kamusi baada ya kupenga kamasi.

"Nilikosea."

"Na mimi nilikosea kukudanganya."

"Ulikosea."

"Usikubali haraka hivyo."

Fundi akamsogelea. "Kuna swali moja. Hili sijamwuliza dada yako, sijawauliza wajomba, sijamwuliza mtu yeyote. Na jibu lake silijui." Akaificha mikono nyuma. "Utakubali nikuoe?"

Kamusi akamtazama. Hakuwa amewahi kumwona mwanamume huyu akikanyaga mahali kabla hajapakagua, na sasa alikuwa amesimama pale hana hata pa kujishikiza, anangoja. Kama angemwambia hapana, angeondoka na hapana hiyo mbele ya muuzaji na vitanda vyote vile.

"Wajomba zako waje kesho saa nne," alisema. "Lakini bado nimekasirika."

"Najua."

"Nitanuna mpaka kesho jioni."

"Mbele ya wajomba?"

"Mbele ya wajomba. Na wewe pia unune, isije ikaonekana mmoja wetu ndiye anayempenda mwenzake zaidi."

"Ninunue nini?"

"Uso wa kununa," alisema Kamusi, na akamshika mkono wenye grisi, kwa nguvu, mpaka akamwumiza.